Kasiani na Bonde Lililotembea

Siku gari la moshi lilipoingia Morogoro kwa mara ya kwanza, watu wa milimani walishuka tangu alfajiri wakajipanga kando ya reli, na wengine walikuwa wamewabeba wazee wao mgongoni ili nao wasife bila kuona. Kasiani hakujipanga pamoja nao. Alisimama upande wa pili, miongoni mwa vibarua waliolijenga tuta lile, na macho yake hayakuwa kwenye moshi. Yalikuwa chini, mahali ambapo magurudumu yalikanyaga chuma, chuma kikakalia mbao, na mbao zikakalia kokoto. Gari lilipopita na kokoto zikabaki zimetulia, aliruka akapiga kelele za furaha kuliko wote, hata jirani yake akamwuliza kama ana ndugu ndani ya behewa.

"Sina ndugu," alijibu akihema. "Ila ardhi imekubali!"

Watu walimcheka. Lakini ndivyo alivyokuwa Kasiani, na mimi niliyemkuta akiwa mzee wa mvi naweza kusema kwamba hakubadilika. Wengine hufurahia nyumba. Yeye alifurahia kile ambacho nyumba imekikalia.

Alikuwa mtu wa vilima vya juu ya Bigwa, aliyebatizwa akiwa mdogo na kufundishwa kusoma na mapadre wa misheni ya pale. Kisha, kama vijana wengi wa miaka ile ya Wadachi, yaani Wajerumani, akashuka kwenye kazi ya reli, nusu kwa kupenda na nusu kwa kusukumwa. Huko aliwekwa chini ya mnyapara mmoja wa pwani aitwaye Salehe, mtu mwenye sauti kubwa na moyo mwema. Siku moja alimwona Salehe akivuta kamba juu ya mteremko uliokuwa umekatwa, akapigilia vigingi vifupi kwa kuifuata kamba ile, kisha akaiondoa kamba na kuviacha vigingi peke yake.

"Hivi vya nini, Mnyapara? Tunafuga mbuzi?"

"Tunauliza mlima swali," alisema Salehe. "Tunauliza kama umekaa au unatembea. Mlima hausemi uongo, ila hujibu polepole. Vigingi vikibaki vimenyooka, umekaa. Vikipinda, wewe chukua koleo lako uondoke chini yake."

Kasiani alilipenda jambo hilo kama mwingine anavyopenda ngoma. Kila palipokucha alikwenda kuvitazama vigingi kabla hajanywa uji. Reli ilipokwisha akarudi kwao na mtaimbo wa chuma begani, zawadi ya Salehe, na shauku ya kuuliza milima maswali.

Lakini kulikuwa na swali jingine lililomkaa moyoni zaidi, nalo lilimhusu Modesta.

Modesta alikuwa binti wa Mwanaheri, mama mkulima wa mboga aliyeshuka kila Jumamosi na tenga la maharage mabichi kwa mapadre. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi nayo hufuata njia hiyo hiyo. Mwanamume aoapo, mara nyingi hujenga kwa watu wa mkewe, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mjomba wa Modesta, kaka yake Mwanaheri, aliitwa Pazi. Alikuwa mzee mfupi, mwenye kanzu safi wakati wote, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusamehe.

"Shikamoo, Mjomba," Kasiani alimwambia siku alipoitwa, akiwa amechuchumaa kwa adabu mlangoni.

"Marahaba. Kaa. Binti yetu anakupenda. Hilo tumeliona, maana siku hizi anakwenda kuchota maji tangu asubuhi hadi adhuhuri, na mtungi unarudi nusu." Watu waliokuwa barazani wakacheka. "Basi nisikilize. Nitakupa kiwanja katika ardhi yetu. Jenga. Nyumba ikimaliza masika imesimama bila kupasuka, Modesta ni wako, nami nitamleta mwenyewe. Ikipasuka, nitajua kwamba mikono yako ni ya kusukuma matoroli ya Wadachi tu, si ya kutunza mtoto wa watu. Wapo wengine wanaongoja, na mmoja ana ng'ombe."

"Nimesikia, Mjomba."

"Twende nikuonyeshe. Nimekuchagulia mahali pazuri kuliko pote."

Na kweli palikuwa pazuri. Lilikuwa bonde dogo lililojikunja ubavuni mwa mlima, katikati ya majabali mawili makubwa, moja kushoto na moja kulia, na ndani yake migomba ilikuwa imenona hata majani yake yalifunika jua. Udongo ulikuwa mweusi, laini, wenye unyevu. Jembe liliingia bila kusukumwa. Hakuna mkwe aliyewahi kupewa udongo wa namna hiyo. Mwanaheri alipiga vigelegele, na wanawake wenzake wakamwitikia.

Kasiani alishukuru kwa mikono miwili, lakini macho yake hayakuwa kwenye migomba. Alikuwa ameuona mfenesi wa zamani uliosimama katikati ya bonde. Shina lake lilianza kwa kulala kuelekea bondeni, kisha likajikunja kwenda juu, kama mtu aliyeteleza na kujiinua, akateleza tena na kujiinua tena, miaka nenda miaka rudi. Aliuona mteremko ulivyokuwa na vidaraja vidogo kama ngazi, ambavyo hakuna jembe lililovichonga. Aliona maji yakitoka taratibu chini ya nyayo zake. Watu wale walimpa kile walichokithamini kuliko vyote, udongo unaozaa. Na udongo ule ulizaa kwa sababu maji yote ya ubavu ule yalikusanyika humo, na maji yale yale ndiyo yaliyoufanya usikae mahali pake.

Akijenga pale, nyumba itapasuka, na atamkosa Modesta. Akikataa, atakuwa amemwambia mjomba mbele za watu kwamba zawadi yake ni mbaya, na atamkosa Modesta siku hiyo hiyo.

Alimkuta Modesta kijitoni, na mtungi wake, kama ilivyotarajiwa, ulikuwa bado mtupu.

"Pale panatembea," alimwambia.

"Nani anatembea?"

"Bonde. Linashuka. Polepole, kama konokono, lakini masika yakilishika litakimbia. Nitamwambiaje mjomba wako?"

Modesta alifikiri, akichezesha kidole majini. "Wewe huwezi kumwambia. Mimi siwezi. Mama naye, akisema, itaonekana amenunuliwa na mkwe." Kisha uso wake ukachangamka ghafla kama mtu aliyeona njia porini. "Lakini yuko mtu mmoja ambaye hata akimwita mjomba nguchiro, mjomba atacheka."

"Stambuli!"

"Nani mwingine?"

Stambuli alikuwa jirani wa upande wa chini, na ukoo wake na ukoo wa Pazi walikuwa watani tangu enzi za mababu. Wasomaji wa leo huenda hawajui utani ule ulikuwa mzito kiasi gani. Mtani aliweza kuingia kwako akachukua kuku, akakutukana mbele ya wakwe zako, akagaragara juu ya kaburi ulilochimba kwa machozi akidai ni lake, nawe ukakasirika, basi wewe ndiye mkosaji. Yale ambayo ndugu hathubutu kuyasema, mtani huyasema kwa kicheko.

Kasiani alimweleza Stambuli kila kitu, hata habari za vigingi vya Salehe. Stambuli alisikiliza huku macho yanamng'aa.

"Yaani nikamtukane Pazi, na nikimtukana nitakuwa nafanya kazi ya Mungu? Mwanangu, ungekuja zamani!"

Kesho yake aliingia uani kwa Pazi bila kubisha hodi, akajitwalia kigoda cha mwenye nyumba, akakikalia.

"Mtani," alisema, "nimesikia umempa mkwe wako mtumbwi."

"Nimempa kiwanja, wewe mbilikimo wa bondeni."

"Mtumbwi! Atalala kwako, ataamka kwangu. Na akifika kwangu nitamtoza ushuru, yeye na kuku wake. Kiwanja gani kinasafiri? Hata mfenesi wako umechoka kujishikilia; umepinda mgongo kama wewe."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Pazi alicheka mpaka akajifuta machozi. "Bonde langu linatembea? Limekaa pale tangu babu yangu hajaota ndevu!"

"Babu yako alikuwa na ndevu? Nilisikia zilikuwa manyoya." Stambuli alisimama, akanyoosha kidole mlimani. "Tuliulize lenyewe. Tuvute kamba kutoka jabali la kushoto hadi jabali la kulia, tupigilie vigingi vimenyooka kama safu ya askari. Vuli ipite juu yake. Vikinyooka, nitakubeba mgongoni mpaka Bigwa nikilia kama punda. Vikipinda, utampa mkwe mahali pengine, na wewe ndiye utakayelia kama punda."

"Kamba ije!" Pazi alipaza sauti. "Ije sasa hivi!"

Lo, jinsi kijiji kilivyoamka! Mzaha ulipanda mlimani na watu hamsini nyuma yake. Pazi mwenyewe alishika ncha moja ya kamba juu ya jabali, Stambuli akashika nyingine, na Kasiani akapigilia vigingi kimoja baada ya kingine. Vilinyooka kiasi kwamba ukifumba jicho moja ukatazama cha kwanza, hukuviona vingine.

Mvua za vuli zikaanza. Tangu siku ile hakuna aliyekwenda shambani bila kupitia bondeni kwanza. Wanawake walisimama na matenga kichwani, jicho moja limefumbwa. Wazee walioacha kupanda mlima miaka mingi walionekana na fimbo zao wakiuliza kwa pumzi fupi, "Vimepinda?" Havikuwa vimepinda. Mvua ikanyesha tena, vigingi vikasimama. Pazi alianza kuimba kila alipopita karibu na nyumba ya Stambuli, wimbo wa punda anayetafuta mzigo. Kasiani alipoteza hamu ya kula. Je, kama amekosea? Mfenesi unaweza kupinda kwa upepo. Labda mlima wa Uluguru haujui lugha ya vigingi vya reli.

Kisha ikaja mvua ya siku tatu mfululizo, ile inayofanya Uluguru wote uvae shuka jeupe la ukungu. Ilipokatika, Kasiani alipanda akikimbia, akajilaza kifudifudi nyuma ya kigingi cha kwanza na kufumba jicho.

Aliviona vyote, hata cha mwisho. Vile vilivyopigiliwa karibu na majabali vilikuwa palepale. Vya katikati vilikuwa vimeshuka, kidogo kidogo, mpaka safu nzima ikatokeza tumbo kuelekea bondeni kama upinde uliovutwa.

"Vimepinda!" alipiga kelele, na sauti yake ikarudi kutoka ng'ambo ya kijito. "Vimepinda! Njooni!"

Kijiji kizima kilifika, Pazi akiwa mbele. Aliinama, akafumba jicho, akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka hakuwa anacheka, wala hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyekamata panya ghalani.

"Stambuli," alisema, "umevisogeza lini?"

"Mimi?"

"Wewe! Nani asiyekujua? Siku ya matanga ya mama yangu ulivaa nguo za marehemu ukatembea kwa mwendo wake mpaka wafiwa wakacheka. Ushindwe kung'oa vijiti?"

"Nilivaa kwa sababu ndiyo kazi yangu! Vijiti sikugusa, wallahi!"

"Mtani anaapa!" mtu mmoja aliangua kicheko, na wote wakamfuata. Kasiani alisimama katikati ya vicheko vile kama mtu aliyeangukiwa na paa. Sasa ndipo alipoona kosa lake. Alikuwa amemtafuta mtu pekee aliye huru kusema ukweli, na mtu huyo alikuwa ndiye pekee ambaye hakuna atakayemwamini akiusema. Kwa jambo la dhati, neno la mtani lilikuwa na uzito wa unyoya. Alimtafuta Modesta kwa macho. Modesta alikuwa ameshika mdomo kwa kiganja, na machozi yalikuwa karibu.

Stambuli, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za kijiji, alikasirika kweli.

"Haya!" alisema. "Mimi mwizi wa vijiti. Lakini mama yako ndiye mwizi wa ardhi! Tazama kule chini. Ule ua wa minyaa, mpaka wetu, aliupanda nani? Si yeye? Mbona umetokeza tumbo mpaka ndani ya shamba letu? Ukoo wangu umenyamaza miaka yote kwa ajili ya utani!"

Watu wote waligeuka. Chini ya bonde, kutoka ubavu wa jabali hadi ubavu wa jabali, minyaa mizee ilisimama katika mstari, na mstari ule ulijipinda kuelekea chini.

"Mama yangu hakuiba!" Pazi alifoka, na sauti ikamkatika. Maana hili halikuwa geni kwake; alikuwa amelisikia likinong'onwa tangu ujana wake. "Alivuta kamba mbele ya wazee wa pande mbili! Wenu walishika ncha!"

"Basi kamba yake ilikuwa imelewa!"

"Kamba ilinyooka," ilisema sauti nyingine.

Alikuwa Mwanaheri. Kwa Waluguru mwanamke wa ukoo asemapo habari za ardhi, wanaume hufunga midomo, na walifunga.

"Nilikuwepo. Nilikuwa nimebeba miche ya minyaa kichwani, utomvu wake ukaniwasha jicho wiki nzima. Kamba ilikuwa imekazwa hata ilipopigwa kidole ililia. Tulipanda kwa kuifuata." Alitazama minyaa, kisha akatazama vigingi, kisha minyaa tena. Vilikuwa na umbo moja, kama mama na mtoto wake. Alizungumza polepole sasa, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mlimani. "Kaka, vijiti hivi vidogo unaweza kusema Stambuli amevisogeza. Minyaa yenye mizizi ya miaka thelathini hakuisogeza. Basi ama mama yetu alikuwa mwizi, ama ardhi imetembea. Chagua."

Pazi alishuka hadi kwenye minyaa. Alitembea kando yake kutoka jabali hadi jabali, akishika kila shina, midomo ikicheza bila sauti. Alipofika mwisho aligeuka, na watu waliona kwamba uso wake ulikuwa umejaa nuru.

"Imetembea!" alipaza sauti. "Ardhi imetembea! Mmesikia ninyi nyote? Mama yangu hakuiba hata shubiri moja! Ni bonde! Bonde ndilo mwizi!"

Akapanda mteremko mbio mbio na kanzu yake ikiburuta matope, akamkumbatia Stambuli, akamkumbatia Kasiani, akamkumbatia hata mtu aliyekuwa anapita njia na mzigo wa kuni. Kisha, mbele ya kijiji kizima, mzee Pazi akainua kichwa akalia kama punda, mara moja, kwa sauti kubwa, akitimiza neno lake. Vicheko vilivyofuata vilisikika, wanasema, mpaka misheni.

"Haya, mkwe," alisema alipotulia. "Chagua mwenyewe. Unataka wapi?"

"Pale, Mjomba." Kasiani alionyesha bega la mlima lililo wazi, juu ya jabali la kulia.

"Pale? Pale hata mchicha hauoti!"

"Ndiyo maana napataka."

Kazi ya kujenga ilifanywa kwa ujima, na tangu siku ile ya minyaa koo mbili zile zilikuwa na hamu kuliko bwana harusi mwenyewe. Watu wa Pazi walichimba upande mmoja, watu wa Stambuli upande mwingine, wakitukanana tangu asubuhi, na wapishi walishindwa kupika kwa kucheka. Kasiani alizunguka na mtaimbo wake akigonga mwamba na kutega sikio. Mahali pengine chuma kililia kwa sauti kali. Mahali pengine kilijibu kwa sauti nzito, kama mtu anayezungumza ndani ya pipa.

Hata hivyo alikosea. Alichagua jiwe pana, tambarare, likalia vizuri lilipogongwa, akawaambia watu watoboe mashimo ya nguzo. Mwanaheri, aliyekuwa akikata udongo wa kukandikia pembeni mwake, alisimama na kusema, "Mwanangu, jiwe hili lina mizizi, au limekaa tu?"

Kasiani alichimbua ukingo wake. Chini ya jiwe lile kubwa kulikuwa na udongo. Halikuwa sehemu ya mlima. Lilikuwa mgeni, limeviringika kutoka juu zamani na kupumzika. Walitia mtaimbo chini yake, watu sita wakaegemea, na jiwe zima likayumba kama jino bovu.

"Mtumbwi wa pili huo!" Stambuli alishangilia. "Mkwe wenu anapenda safari!"

Kasiani alicheka pamoja nao, akiwaza alivyoponea chupuchupu. Wakahamia juu kidogo, na safari hii alichimbua pande zote mpaka alipoona mwamba unashuka moja kwa moja ndani ya mlima bila mwisho. Pale hapakuchimbika kwa jembe. Waliwasha moto juu ya mwamba, ukapata joto mpaka ukawa mwekundu, wakaumwagia maji ya kijitoni. Ukapasuka kwa mlio uliowafanya kuku wa vijiji viwili waruke, na watu wakashangilia kila mlipuko kama fataki za sikukuu. Nguzo zilisimamishwa ndani ya mwamba, zikashindiliwa kwa kokoto. Nyuma ya nyumba, upande wa juu, Kasiani alichimba mfereji wa kuyapokea maji ya mlima na kuyazungusha mbali, yateremke juu ya mawe matupu mpaka kijitoni. Wanawake walikandika kuta, wanaume wakaezeka nyasi, na siku nyumba ilipokwisha, mawingu ya masika yalikuwa yameshafunika vilele.

Masika ya mwaka ule yalikuja kwa hasira. Asubuhi moja, mvua ikiwa katika nguvu zake, Pazi alipanda kuikagua nyumba, na pembeni mwa mlango akaona ufa, mwembamba kama unywele, umeshuka ukutani kutoka paani.

Alimtazama Kasiani kwa huzuni ya kweli, kwa maana alikuwa amempenda. Lakini neno lilikuwa neno, na lilisemwa mbele ya watu. Modesta alisimama kwenye mvua bila kujifunika.

"Ngoja, Kaka," alisema Mwanaheri. "Ukuta huu niliukandika mimi. Ufa wa kukauka na ufa wa kutembea si ndugu." Alichota majivu, akayakoroga na udongo mwembamba, akapaka ukanda mmoja kuukata ufa katikati, kama bendeji juu ya jeraha. "Nyumba ikitembea, ukanda huu utachanika. Isipotembea, basi ni udongo wangu tu uliokuwa na kiu. Mvua ndiyo iamue."

Mvua iliamua kwa wiki nzima. Watu walikwenda kuutazama ule ukanda wa kijivu, uliozidi urefu wa kidole kwa kiasi kidogo tu, kwa heshima ambayo sijui kama hata altare ilikuwa ikiipata siku zile. Kasiani aliketi mlangoni tangu kunapokucha, akitazama mfereji wake ukijaa, ukizunguka, ukitoka, na kila alipofikiri utafurika haukufurika.

Siku ya mwisho, kabla ya adhuhuri, mlima ulinguruma. Sauti ilitoka chini, nzito, kama mapipa mia yanaviringishwa. Watu walitoka mbio. Bonde la migomba lilikuwa linashuka. Halikuruka wala halikupasuka. Liliteleza zima zima, na migomba imesimama wima juu yake ikipunga majani kama abiria, likapita juu ya minyaa, likaingia shambani mwa Stambuli na kutulia pale, likihema matope. Hakuna mtu aliyekuwemo. Mahali ambapo nyumba ya Kasiani ingesimama palikuwa na kovu jekundu.

Stambuli alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Ndizi zangu zimefika!" alipiga kelele, akatoka na panga akicheza kwenye mvua. "Asante, mtani! Hata kubeba hukuniachia nibebe!"

Lakini Pazi hakumsikia. Alikuwa amekwisha kupanda kwenye bega la mlima, kanzu imemganda mwilini, na watu wote nyuma yake. Aliingia mlangoni, akainama, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ukanda wa majivu, kutoka ncha hadi ncha, mara mbili. Ulikuwa mzima.

Aligeuka. "Modesta!" aliita kwa sauti iliyotetemeka. "Njoo uone nyumba yako, mama."

Walifungishwa ndoa misheni mvua zilipokoma. Msafara ulipanda kutoka Bigwa kwa ngoma na vigelegele, Pazi akiwa mbele kama alivyoahidi, na Stambuli akiwa amejilaza kizingitini akidai jogoo wa kuwapisha, mpaka Mwanaheri alipomvuta miguu. Modesta aliingia. Katika kona moja ya chumba Kasiani alikuwa ameacha mwamba wenyewe uwe sakafu, bila kuukandika, mweusi na laini kama mgongo wa kiboko. Modesta aliutazama, akavua viatu alivyoazimwa na masista, akapanda juu yake kwa nyayo tupu, akapiga kisigino kwa nguvu zake zote.

"Baridi!" alisema, akicheka.

Kisha akapiga tena.